Futi ya Bogumiła

Mizani inasema sitini na nane,
kilo zilezile za mwaka aliomzika mumewe.
Futi haikubali.

Bogumiła, fundi wa makoti hapa Łódź,
amejizungushia futi kiunoni,
pini tatu kati ya midomo.
Nyonga zimenywea. Tumbo limezidi vidole vinne.
Na sketi ya kijivu aliyoikata mwenyewe
pindo lake sasa lagusa viatu.
"Kitambaa hakirefuki," ananiambia. "Basi ni mimi."

Januari aliteleza kituo cha tramu,
kuanguka kwa kitoto tu, akajikinga kwa kiganja,
kifundo kikalia ka! kama penseli.

Daktari Wierzbicka akamwonyesha picha:
mfupa umetobokatoboka mithili ya kitambaa cha kufuma.
Akataja estrojeni. Bogumiła akacheka.

"Miaka arobaini alikuwa nyapara wangu wa ndani,
akipeleka mafuta nyongani,
akiwashika mikono wabomoaji wa mfupa
wajenzi wasizidiwe,
nami namlaani kila mwezi!
Kaondoka bila kuaga. Hata funguo hakurudisha."

Sasa kuna kidonge cha Jumatatu, maziwa mgando,
na mifuko miwili ya vifungo vya shaba
anayoinyanyua kabla ya kugusa cherehani.

Jana aliivua koti ile sanamu ya kushonea,
iliyopimwa kwa mwili wake akiwa na thelathini.
Akaifunga pamba tumboni.
Akaniomba msumeno,
akaukata mguu wake sentimita tatu,
akaiegemea kidogo.

"Haya," akasema. "Tushone."