Kaingiaje?

Ulisimama kwenye kidirisha cha maabara, Bi Mwanamkasi,
buibui limekauka chumvi begani,
ukaniuliza neno moja: Kaingiaje?
Nami, foleni imeshafika ngazini,
nikakujibu kwa neno moja: Maji.
Ukaenda zako. Tangu Jumatatu
jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Basi nisikize sasa, nina nafasi.

Kisima cha uani kwenu, huko Majengo,
kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe,
na matumbawe ni jiwe la vitundu, haliweki siri.
Choo cha jirani kiko hatua kumi na moja.
(Nilizihesabu jana, nikitoka kazini.)
Mfereji ulikohoa upepo wiki nzima,
hamali wa maji wakapandisha bei ya mtungi,
Athmani akachota kisimani kikombe kimoja tu,
cha plastiki, cha buluu,
jasho la mpira bado li shingoni.

Mle kikombeni alikuwamo yeye.
Sisi twamwita bakteria wa homa ya matumbo;
jina la kwao silijui.
Hana macho, hana miguu, ana mikia ya kuogelea.
Tumbo liliwamwagia tindikali, wenziwe wakafa kwa maelfu;
yeye akapita
kama apitavyo mtu mvua ya Mei bila mwavuli,
kichwa chini.

Utumboni ukuta una ute,
utelezi wa sakafu ya soko la samaki.
Wengi huteleza, wakaenda na maji.
Huyu ana nyuzi, nyembamba hata hadubini yangu haizioni;
akazitupa, zikapapasa, zikashika
chembe ya sukari juu ya ngozi ya seli,
zikaning'inia hapo.

Sasa hapa ndipo penye uchungu, dadangu.
Mwizi wa kawaida huvunja mlango.
Huyu hakuvunja.
Sisi tumefunzwa: hodi mara tatu,
usipoitikiwa, rudi.
Yeye alitoa sindano, akadunga ukuta,
akapenyeza maneno madogo madogo
kwa lugha ya mwenye nyumba, na lafudhi yake,
na seli ikajisikia yenyewe ikisema: karibu.
Nguzo zake za ndani zikajipanga upya,
ngozi ikafura, ikapanda kama pindo la leso upepo ukiingia,
ikamfunika, ikammeza mzima,
ikamtengea chumba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo twasemavyo.
Mgeni kaja.

Askari wa mwili walikuja mbio, wakambugia.
Nao pia akawakalia ndani.
Akapanda gari lao lao, hapana aliyemuuliza kitambulisho,
mpaka kwenye ini, kwenye wengu, kwenye uboho wa mfupa.
Siku kumi na mbili
Athmani akicheza mpira Makadara,
akila viazi vya karai, akigombana na dadake juu ya rimoti.
Ya kumi na tatu, kichwa. Ya kumi na nne, moto.

Mimi nilimkuta sahanini, alfajiri:
vidoa vidogo, vina kitovu cheusi.
Nikaandika jina la mwanao kwenye fomu
kwa kalamu iliyokuwa ikikwama.

Nakueleza yote haya kwa sababu moja.
Pale dirishani nilikuona ukitazama mikono yako,
kiganja, mgongo, kiganja,
kana kwamba komeo ulilisahau wewe.
Hukusahau kitu.
Mlango ulifunguliwa kutoka ndani,
na aliyeufungua alidanganywa kwa sauti yake mwenyewe.

Dawa amalize zote, hata homa ikishuka.
Kisima tutakifunika; mwamba atafunika nani?

Nyumbani kwangu Mikindani, usiku, nafungua mfereji.
Unakohoa.
Namimina sufuriani maji ya mtungi, nawasha jiko,
nasimama papo hapo.
Povu la kwanza, la pili.
Siondoki.