Saa ya Nne Ndiyo Shahidi

Muuzaji ananiuliza napenda besi au sauti kali.
Namjibu: nina miwani.
Anacheka, akidhani namtania.

Bwana Ireneusz, sikuja kutafuta muziki.
Kazi yangu ni kanda. Wanawake wa Łódź
waliosimama miaka thelathini mbele ya mitambo ya kufuma
wakahojiwa jikoni kwao, birika likichemka,
nami nayaandika waliyosema, neno kwa neno,
kikohozi kwa kikohozi, saa nane kwa siku.
Wengi walitoka kiwandani nusu viziwi.
Hata siri wanazisema kwa kupaza.

Analeta ya kwanza, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Chema chajiuza; hii inatembezwa
juu ya kitambaa cha hariri, kwa glavu nyeupe.
Naivaa. Dakika ya kwanza ni pepo.
Dakika ya kumi mkono wa miwani
unaanza kunichimba panja, polepole,
kama mgeni anayesema anaondoka sasa hivi.

Ya pili ni nyepesi, lakini mito yake ni ya ngozi bandia,
na ngozi bandia naijua: Julai, dirisha nimelifunga
tramu isiniingilie kwenye kanda,
masikio yanatokota kama viazi.

Ya tatu hulikalia sikio badala ya kulizunguka.
Sikio langu la kushoto lina kovu
(paka wa jirani, nilikuwa na miaka sita)
na kovu likakataa kabla yangu.

"Bibi, hujasikiliza hata sauti moja."
Kweli. Hata waya sijachomeka.
Naomba kiti. Naomba niketi na ile ya rafu ya chini,
ya kijivu, yenye mito ya mahameli,
utepe wake umelegea kwa kuvaliwa na wasionunua.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
basi niache nilale.

Anatia chai. Wateja wanaingia wakikung'uta theluji,
wananikodolea: mwanamke mzima, hedifoni kichwani,
waya unaning'inia, haujaungwa popote.
Anasikiliza nini huyu?
Nasikiliza shingo.
Nasikiliza utosi, pale utepe unapogusa.
Saa ya kwanza husema uongo, ya pili ni shoga yake.
Ya tatu nimeshakula nusu ya mkate wa Ireneusz
naye ameacha kunitazama saa.
Ya nne ndiyo shahidi.

Saa ya nne nainua mkono nijikune sikio,
vidole vinakuta mahameli.
Nilikuwa nimesahau.

Ndipo nachomeka. Simuni nina kipande kimoja:
Bi Genowefa, muunga nyuzi zilizokatika,
anaulizwa habari za mwanawe wa pili.
Hapo, tangu mwaka juzi, nimeandika:
kimya, sekunde kumi na moja.
Kila nilipokifikia ilikuwa jioni, kichwa kinagonga,
nikakipita kama mtu apitaye mlango wa mdai wake.

Leo kichwa hakigongi.
Na ndani ya kimya kile kuna kijiko.
Kinakoroga kikombe ambacho, kwa mlio wake, ni kitupu.
Mara saba.
Kisha kinalazwa mezani
taratibu, taratibu kupita kiasi
kwa mikono ya mtu asiyesikia vizuri,
kana kwamba chumba cha pili kuna mtoto amelala.

Narudisha nyuma. Nasikiliza tena.
Ireneusz anataja bei, anaipunguza kabla sijafungua mdomo.
Nalipa. Natoka nayo kichwani, waya mfukoni,
inanikinga baridi ya Februari.

Kesho nitalifuta neno kimya.
Mahali pake niandike nini, bado sijui.
Mito ikichakaa, ameniambia, ipo ya akiba:
zloti arobaini, kwa jozi.