Barafu ya Samaki

Nakubali, nina simu yenye macho matatu mgongoni.
Hupiga kabla sijaamua,
na picha elfu sita zimelala humo
kama sare za shule za watoto waliokwisha kuoa.

Lakini Jumamosi, nikishafunga kibanda changu cha Kibuye,
nikishapanga koleo na mawe ya kupimia
(kazi yangu ni kutengeneza mizani,
kuwarudisha wauza sukari kwenye ukweli),
nachukua kile kisanduku.

Nilikinunua kwa mwana wa marehemu Okumbe,
aliyekuwa na studio nyuma ya kinu cha posho.
Kijana alikuwa akiuza vya babake: toroli, friji mbovu,
na pazia lililochorwa ndege na ngazi zake,
ambapo nusu ya Kondele iliwahi kusafiri
bila kutoka Kondele.
"Hicho hakina chaji," akanionya. Mtu mwaminifu.

Kina macho mawili, moja juu ya jingine:
la juu la kutazama, la chini la kutunza.
Hukiweki usoni. Kinaning'inia tumboni,
nawe unainama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka,
na mle kiooni dunia imegeuzwa ubavu:
anayekwenda Mamboleo anarudi ziwani,
ukimfuata kulia amekukimbia kushoto.

Mkanda mmoja, picha kumi na mbili. Basi.
Hutoka Nairobi kwa basi la usiku
kwa bei ya kuku wawili na jogoo wa kuwasindikiza.
Nimewahi kusimama nusu saa mbele ya ukuta wa matofali
nikauambia: hapana, wewe sikununui.

Kisha dawa. Dawa yataka maji ya nyuzi ishirini,
na bomba la Kisumu, hata alfajiri,
halijawahi kusikia ishirini.
Ndipo naenda kwa Apondi, muuza mbuta,
anipe barafu ya shilingi hamsini.
"Fundi, unapoza samaki gani kila Jumamosi?"
"Kumi na wawili wadogo."
"Na hunialiki."

Siku moja nikamwomba asimame.
Kisu mkononi, magamba hadi kwenye kiwiko,
yanameta kuliko bangili za bi harusi.
Nikapima mwanga, nikabana tundu, nikapima tena.
Foleni ikaanza kusonya.
Tki. Sauti ya mtu aliyemeza mate.
"Nionyeshe."
"Bado."
"Iko wapi sasa?"
"Iko ndani. Haijajijua."
Akanitazama jinsi wateja wanavyotazama mizani
iliyotoka kwangu jana.

Usiku stima ikapotea mtaa mzima.
Majirani walilaani, mimi nikashukuru: giza la bure.
Chini ya blanketi vidole vikatafuta njia peke yao,
mkanda ukakataa, ukakataa, ukaingia.
Dakika tisa za kutikisa polepole,
bafu zima likinuka mbuta na siki.
"Umemuua nani humo?" mke wangu akauliza toka kitandani.

Asubuhi nikauinua dirishani, ungali unadondoka:
Apondi mwenye nywele nyeupe na meno meusi,
amefumba macho.
Kati ya kumi na mbili, moja tu yake,
na amefumba macho.

Nilikaa nayo siku nne kwa haya.
Nikaisafisha kwenye karatasi ya zamani ya Okumbe,
picha ya ukubwa wa kiganja cha mtoto,
nikampelekea.
Alifuta mikono kwenye aproni, mara mbili.
"Huyu amelala."
"Pole, nitarudia..."
"Urudie nini? Tangu nijifungue kifungua mimba
hakuna aliyeniona nimepumzika."

Akaitia kwenye kopo la pesa, chini kabisa, chini ya noti,
akanipimia barafu
kwa mizani niliyoitengeneza mwenyewe.
Ikazidi.
Sikusema kitu.