Kifundo cha Kushoto

Mara ya tatu kinanitupa,
uwanja wa netiboli, Makorora:
mpira mkononi, mguu umekwenda kwake.

Semhando, fundi baiskeli wa Ngamiani,
barabara ya kumi na mbili,
amekata mpira wa ndani wa tairi,
kaushona kwa uzi wa mkonge.
Viraka viwili bado vimo.

"Ukibana sana, ganzi. Ukilegeza, hasara."

Navuta. Unanuka solusheni.
"Kitanishika?"
Anacheka, anajaza upepo gurudumu la mtu.
"Hakishiki, Mwanamkasi. Kinakukumbusha tu."

Jumamosi naruka.
Natua.
Mpira wa mguuni unanong'ona
upo, upo,
nami niliyezoea kuanguka
nabaki nimesimama na ule wa mkononi,
nisijue nimpe nani.