Mengineyo

Mtandao haufiki bondeni kwetu.
Kentucky hii ya makaa unafika makaburini tu,
juu ya kilima, kati ya jiwe la bibi yake Estill
na jiwe la Darrell, mume wangu,
lililoandikwa miaka thelathini na minane.
Basi kila Jumanne, nikishamwosha mzee
na kumrekebishia mpira wa oksijeni,
napanda na simu yangu yenye ufa
kwenda kusoma barua za hospitali.

Neno la siri lisipungue herufi kumi na mbili,
liwe na namba, liwe na alama.
Nililikosea mara tatu, nikafungiwa nje
kama mbwa aliyeiba siagi.
Likaja swali la kuthibitisha:
mnyama wako wa kwanza aliitwaje?
Nikashuka kilima kumuuliza baba mkwe.
Akacheka hadi kikohozi kikamkata kauli.
"Juno. Nyumbu wa mgodini, baba alikuwa akimwongoza.
Hakuwa wangu. Alikuwa wa kampuni."
Nikapanda tena. J kubwa.
Mlango ukafunguka.

Mzee Estill Sizemore hajui kusoma.
Miaka arobaini alilificha jambo hilo
kama wengine wafichavyo chupa.
Saini yake ni mchoro aliokariri.
Gazeti hulishika wima, hugeuza kurasa kwa wakati wake,
hukunja uso penye picha za wanasiasa.
Darrell alijua, akaondoka nalo.
Nimebaki mimi.

Kwa hiyo namwandikia, naandika "mimi":
Daktari, usiku napumua kama bawaba ya zizi.
Daktari, vidonge vyeupe vinanikausha ulimi.
Daktari Iyer akajibu:
Bwana Sizemore, unaeleza vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi.
Nikamsomea. Akaomba nirudie.
Nikarudia, taratibu, naye amefumba macho.
Halafu akauliza,
"Sasa wiki ijayo nimwandikie nini?"

Mwezi Machi hospitali ikataka kila mlezi
ajisajili kwa jina lake mwenyewe.
Una uhusiano gani na mgonjwa?
Fomu ikanishushia orodha:
mke, mume, mtoto, mzazi, mlezi wa kisheria.
Kidole kikasimama hewani.
Mjane wa mwanawe hayumo.
Anayemkata kucha hayumo.
Anayejua kwamba maharage huyataka yamepoa,
na vitunguu vibichi juu,
hayumo.
Chini kabisa, kama kitu kilichosahaulika stoo:
Mengineyo.
Nikabonyeza.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema watu.
Na nundu ya ng'ombe mwingine, je?
Sijui. Nimeibeba miaka sita,
sasa sikumbuki mgongo wangu ulikuwaje.

Ijumaa jioni simu ikatetemeka mfukoni,
nilikuwa nang'oa magugu kaburini:
Una matokeo mapya ya kipimo.
Daktari alikuwa bado hajayaona.
Wa kwanza kuyaona ni mimi,
goti moja kwenye udongo wa Darrell,
udongo umejaa kucha.
Sentensi nne. Katikati neno refu la Kilatini.
Nikalitafutia maana;
mtandao ukakatika, ukarudi,
ukanipa maana nusu.
Ile nusu ilitosha.

Nilikaa pale mpaka taa ya jikoni ikawaka chini,
na hiyo taa, kuiwasha, humgharimu hatua tisa.

Nilipoingia alikuwa mezani, amechana nywele.
"Wameandika?"
"Wameandika."
"Wanasemaje?"
"Wanasema tusubiri Jumatatu, daktari atapiga simu."
Akanitazama. Mtu asiyesoma karatasi
husoma mengine yote.
Mashine ya oksijeni ikahesabu kwa niaba yetu.
Kisha akasukuma kiti kingine kwa mguu, nikae.
"Kabla ya Jumatatu," akasema, "mwandikie daktari.
Mwambie yule nyumbu hakuwa wangu.
Sitaki waniweke kwenye vitabu vyao
kama mtu aliyedanganya."