Nakala Mia Nne Thelathini na Tisa

Mwalimu Sechelela Malogo alisahihisha kwa kalamu ya kijani;
nyekundu, alisema, ni ya mahakimu.
Pembeni mwa shairi langu: "Mwezi umechoka. Upe likizo."
Pembeni mwa la Chilewa: "Huyu mpenzi hana hata ndala?"

Jumatano saa tisa, Kibaigwa, bati likitatarika kwa jua,
sisi kumi na mmoja, daftari moja kwa kila wawili.

Tulijua ana kitabu. Alikilipia mwenyewe,
mkopo wa kikundi na magunia saba ya alizeti:
nakala mia tano. Ziliuzwa sitini na moja,
nyingine kwa mawifi, moja kwa padri
aliyedhani ni nyimbo za kwaya.
Zilizobaki zikalala chini ya kitanda.
Mumewe, fundi baiskeli, akaziita "wapangaji".

Januari ile alipoinua godoro
mchwa walikuwa wameshafika ukurasa wa arobaini.

Akaja na nakala moja ndani ya kitenge.
Kwanza akatusomea ubeti kwa kichwa, kama ulivyochapwa:

*Mama atwanga mtama, kinu kikalia ndani,*
*vumbi likamuandama, hadi mwana mgongoni,*
*mvua yatutazama, ipo juu milimani,*
*njaa hatukuihama, ikakaa siniani.*

"Mizani kumi na sita, vina vimetulia.
Ubeti huu ulinipa cheti, na fremu ya cheti ninayo."
Kisha akainua ukurasa dirishani, mwanga ukapita kwenye matundu,
akasoma walichobakiza:

*Mama*
          *lia ndani*

*mvua*
          *hatukuihama*

Sokoni mashine ya kupukuchua mahindi ilizimwa,
au sisi ndio tuliacha kuisikia.
"Miaka kumi na tisa," akasema, "nafundisha watu kufuta.
Changu mwenyewe nilikionea huruma."
Akapuliza udongo kwenye karatasi, ukamwingia jichoni,
akapangusa, na mpaka leo sijui
lile chozi niliandike upande gani.
"Haya, andikeni. Chilewa, mpe mwenzio kalamu."

Siku hizi niko Mtumba, ghorofa ya pili,
naandika mihtasari ya vikao:
*Mjumbe alihoji. Mwenyekiti alifafanua.*
Juzi nilifuta sentensi tatu za mkurugenzi,
hakuna aliyezitafuta.

Yeye bado yuko Kibaigwa, bado Jumatano.
Hunitumia kurasa kwa simu,
picha zenye kivuli cha kidole gumba.
Kitabu cha pili, anasema, kitakuwa chembamba.
Chumba kimepuliziwa dawa, mumewe hakutaka mjadala,
ila kona moja, nyuma ya mtungi, aliomba iachwe,
na hapo, sakafuni, ameulaza mswada.
"Usiku mmoja tu," ameniandikia.
"Nione watakachokikataa."