Mstari wa Nusu Lita

Nyota ya mbao ilikuwa nje, juu ya mlango,
imefungiwa kitawi cha msonobari:
maana yake kwa Kreszenz leo imeiva.
Wiki ijayo nyota itahamia kwa jirani
na hapa patarudi kuwa nyumba ya mtu,
soksi zikikauka juu ya jiko.

Nilifika saa kumi alasiri na mkoba wangu:
silinda ya kioo, kipimajoto, muhuri,
fomu ya nakala tatu.
Miaka ishirini na sita napima vya watu,
mizani za wachinjaji, pampu za petroli,
na glasi. Bia ifike kwenye mstari.
Povu halihesabiwi.

Kaltenlohe ina nyumba kumi na nne
na chungu kimoja cha shaba, cha wote.
Hupika kwa zamu, kwa kuni,
kisha kila mtu hubeba maji yake ya kimea
akayachachushe chini ya nyumba, gizani, kwa subira aliyojaliwa.
Ndiyo maana kisima ni kimoja, shayiri ni moja,
lakini bia ya Ottmar ni chungu kama Ottmar.

Hilo aliniambia Ottmar mwenyewe.

Ukumbi wa kunywea ulikuwa banda la ng'ombe.
Pete za chuma bado zimo ukutani,
siku hizi zinashika makoti.
Niliketi chini ya jina lililoandikwa kwa chokaa, LOTTE,
ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijaoa.
Jirani huchagui; unapigwa kiwiko, unasogea,
na mkate wenye mafuta ya nguruwe unakufikia
kabla hujasema kwamba umekuja kikazi.

Kreszenz, miaka themanini na moja, aproni ya mpira,
alimimina kwa jicho tu.
Nikapima.
Ya kijana wa trekta: imezidi mstari upana wa kidole.
Ya Irmgard, mjane wa posta: sawasawa, kama iliyokatwa kwa wembe.
Ya Gottlieb: pungufu. Mililita themanini na tano.
Nikaandika. Kalamu yangu haina haya.
Gottlieb alinitazama
kama mtoto aliyeshikwa kwa kosa la mwenzake.

"Mama, hii haijafika."
"Najua."
"Sheria inasema—"
"Sheria haikumkuta Gottlieb mtaroni usiku wa Februari.
Mimi nilimkuta."

Hakupandisha sauti. Alinionyesha rafuni
jagi la buluu lililofunikwa kisahani.
Pungufu zote humo, glasi baada ya glasi,
na saa mbili usiku binti yake hupita kulichukua,
wakanywe wawili na viazi, mlango umefungwa.
"Simwibii," akasema. "Namchelewesha."

Fomu ina safu ya pungufu, ina safu ya ziada.
Ya kuchelewesha haina.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Huyu nilimlaumu,
akanijazia mpaka povu likanilowesha mkono wa shati.
Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya ganda la mkate
na, mwishoni kabisa, moshi wa kuni za mtu mwingine.
Sikupima.

Saa mbili na dakika tano binti akaingia,
kofia ya pikipiki bado kichwani,
akalishika jagi kwa mikono miwili
jinsi mtu anavyobeba supu ya mgonjwa.
Gottlieb akainuka bila kuitwa.
Hakuna aliyegeuza shingo, isipokuwa mimi,
mgeni, mwenye silinda.

Nakala ya kwanza nimeipeleka ofisini:
*Kilabu cha Kreszenz. Jagi moja, la buluu. Ujazo haukupimwa.*
Nakala ya pili iko kwake, nadhani chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Ya tatu, ile ya rangi ya waridi,
nilifutia bia.